Mvumo Aliousikia Kasiani Peke Yake

Ukiibiwa kuku utapiga yowe, majirani watakuja na marungu, na mwizi atakiona cha mtema kuni. Kasiani Likanga yeye aliibiwa masikio, na aliyemwibia alikuja nyumbani kumpa pole, akala ugali wa muhogo kwa kisamvu, akanawa mikono, akasindikizwa mpaka barabarani kwa heshima zote. Ikapita miaka minne kabla mwenye masikio hajajua kwamba ameibiwa.

Kasiani alikuwa fundi wa redio pale Chikongola, kwenye kibanda cha mabati kilichobanana na duka la khanga la jirani yake, Asia. Mafundi walikuwa wengi mjini Mtwara, lakini wengi wao walikuwa mabingwa wa kufungua. Redio ikitua mezani tu, bisibisi imeshaingia, na mteja akirudi jioni anakuta matumbo ya redio yake yametandazwa kama dagaa juani. Kasiani hakuwa na pupa hiyo. Aliiwasha, akainamisha kichwa, akasikiliza. Alijua mvumo mzito ni kapasita zimechoka au waya wa ethi, ule unaoshusha umeme kwenye bati, haukamati, mkwaruzo ni kitufe cha sauti kimejaa vumbi, na chombo kikilia ukikigonga kwa penseli, kuna valvu iliyolegea ndani ya kioo chake. Alikuwa akitaja ugonjwa kabla hajagusa skrubu, na mara tisa katika kumi alipatia. Fundi wa namna hiyo hana mali nyingine zaidi ya masikio yake.

Masikio hayo ndiyo yaliyomfanya akabidhiwe amplifaya ya Ruvula Jazz. Ilikuwa amplifaya ya zamani ya Kiingereza, ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani, iliyoachwa na Mzungu mmoja wa kiwanda cha korosho alipofungasha kurudi kwao. Uzito wake ni wa gunia la korosho, na ukiiwasha unangoja dakika nzima valvu ziwe nyekundu ndipo itoe sauti. Vijana wenye mashine mpya za transista waliicheka, halafu wakisikia gitaa likipita humo wananyamaza, maana sauti yake ilikuwa na nyama. Tangu mwaka 1981 Kasiani aliitunza yeye. Ililala chumbani kwake, Magomeni ya hapohapo mjini, karibu na kitanda, imefunikwa khanga ya mkewe Sabina.

Kuhusu Sabina hapa asisemewe mtu uongo. Msimu wa korosho ndio ulikuwa msimu wa dansi. Kuanzia Oktoba bendi ilipanda lori kwenda Newala, Tandahimba, Masasi, mpaka Nachingwea, na Kasiani alipanda na amplifaya yake, akamwachia mkewe mikorosho yote ya shamba lao la Naliendele aokote peke yake. Desemba ya 1996 mtoto wao wa mwisho, wa miezi saba, alishikwa na homa. Alikufa, akaoshwa, akazikwa, na baba yake yuko Nachingwea anakaza waya. Habari ilimfikia siku ya tatu. Alirudi akalia mpaka sauti ikakauka, akakaa nyumbani wiki tatu, halafu lori la bendi likapiga honi nje naye akapanda. Alikosea, na alikosea vibaya. Sabina aliendelea na mikorosho yake, na watu wakadhani amesamehe.

Aprili iliyofuata malaria ilimwangusha Kasiani mwenyewe. Alilazwa, akatundikiwa dripu za kwinini, na kila aliyewahi kutundikiwa kwinini anajua inavyofanya: masikio yanalia kutwa kucha kama panzi wameingia kichwani. Amplifaya ikabaki mikononi mwa Jafari Nampembe.

Jafari alikuwa fundi pia, na karakana yake ilikuwa hukohuko Magomeni. Kasiani ni Mkristo na Jafari ni Mwislamu, lakini wote ni Wamakonde wa Mahurunga, na walitiwa jando siku moja, wakalala likumbi moja, kwenye kile kibanda cha porini ambako wavulana hukaa mpaka vidonda vipone na mafunzo yaishe. Waliolala likumbi moja hawashtakiani. Aibu ya mmoja haipelekwi barazani, hata iwe kubwa namna gani. Isitoshe, Kasiani ndiye aliyemfundisha Jafari kushika chuma cha kulehemu, miaka ile ya sabini, kwa mkono wake juu ya mkono wa mwenzake.

Kasiani alipotoka hospitali, amekonda shingo, alikuta amplifaya imerudishwa chumbani. Kwenye mfuniko wake wa chini kulikuwa na matone sita ya rangi nyekundu ya kucha, tone moja juu ya kila skrubu. Jafari alikuwa ameifungua, akaitengeneza, akaifunga. Kwa mafundi wa mtaa ule, tone la rangi lilikuwa kufuli. Fundi mwingine haivunji rangi ya mwenzake bila kumwita, na akiivunja ni sawa na kumwita mwongo mbele ya watu. Kasiani akaiwasha asikie kazi ya ndugu yake.

Ikavuma.

Haukuwa mvumo mdogo. Ulikuwa mzito, wa chini, mpaka kikombe kilichokuwa juu ya kabati kikaanza kutetemeka. Akamwita mkewe.

"Mama Lukasi, hebu njoo. Unasikia mvumo huu?"

Sabina alikuja na ungo wake mkononi. Akasimama mlangoni, akainamisha kichwa kidogo.

"Mvumo gani, baba Lukasi?"

"Huu! Kama nyuki ndani ya mtungi."

"Mimi sisikii kitu," akasema Sabina, akarudi uani kupepeta.

Jafari naye akaitwa. Aliweka sikio kwenye spika, akafumba macho kama mtu anayesali, akakaa hivyo kitambo. Kisha akamshika Kasiani bega. "Ndugu yangu, hapa ni kimya kama kaburini. Hiyo ni kwinini. Imekutia mvumo masikioni."

Kasiani akaizima. Mvumo mzito ukakatika, lakini ukabaki mlio mwembamba, wa juu, na huo kweli ulikuwa wa kwinini. Angekuwa mzima angezitenganisha sauti zile mbili mara moja, maana kutenganisha sauti ndiyo iliyokuwa kazi yake. Lakini alikuwa dhaifu, na watu wawili aliowaamini kuliko wote walikuwa wamemwambia kwamba sauti zote mbili ni za kichwani mwake. Wiki hiyo bendi ilifanya mazoezi. Jafari aliwahi kufika ili amsaidie mgonjwa kufunga vyombo, na amplifaya ilinyamaza tuli. Kasiani akauliza imekuwaje ukumbini haivumi. Jafari akamjibu kwa upole kwamba ukumbini kuna kelele za watu, zinafunika, ila nyumbani penye utulivu ndipo masikio mabovu yanapojisikia. Jibu lilikuwa na akili kabisa. Uongo mzuri huwa na akili.

Basi Kasiani akajiuzulu mwenyewe. Aliipeleka amplifaya kwa Jafari kwa mkokoteni, akaaga bendi, akashika jembe. Mlio wa kwinini uliisha baada ya mwezi mmoja, lakini yeye alishaacha kuyaamini masikio yake, na mtu asiyeyaamini masikio yake hata kimya anakitilia shaka. Kibandani aliacha redio, akabaki kutengeneza pasi na kubadilisha plagi, vitu visivyohitaji kusikilizwa. Mteja akileta redio alimwambia aende kwa Jafari. Jumapili baada ya misa Sabina alimlaza kichwa mapajani akamtia mafuta ya nazi ya vuguvugu, matone matatu kila sikio. Kasiani alishukuru. Alikuwa akiwaambia watu kwamba Mungu amemnyang'anya masikio, lakini amempa mke.

Machi ya mwaka 2001 Yustina alikuja kibandani siku ya Jumatano, anahema. Yustina ndiye alikuwa mwimbaji wa Ruvula Jazz tangu ana miaka kumi na saba, na sasa alikuwa bibi mwenye wajukuu. Alisema watu wa redio wanakuja kutoka Dar es Salaam kurekodi bendi za zamani za kusini, Jumamosi saa nne asubuhi, kisha wanaendelea na safari yao. Kanda za zamani za Ruvula Jazz zilishaliwa na unyevu, hakuna hata wimbo mmoja uliobaki. Nassoro wa gitaa alikuwa anatetemeka vidole.

"Ikipita Jumamosi hii, kaka Kasiani, nyimbo zetu tutazikwa nazo," akasema Yustina.

"Mwiteni Jafari."

"Jafari yuko ng'ambo, Palma ya Msumbiji, kwenye msiba wa mjomba wake, na mto Ruvuma umejaa. Mwanakombo mkewe mwenyewe hajui atavuka lini. Ametukabidhi amplifaya, hiyo hapo nje kwenye mkokoteni."

"Yustina, mimi masikio yangu yamekufa. Unajua."

"Basi iwashe tu, tuone kama inawaka."

Akaiwasha, kwa kuwa kumkatalia Yustina kulikuwa kazi kubwa kuliko kuwasha. Wakangoja valvu zipate moto. Mvumo ukaja uleule, mzito, wa chini, makopo ya skrubu yakaanza kucheza juu ya meza. Kasiani hakushtuka. Alishauzoea kama mtu anavyozoea jino bovu, akakaa anaangalia ukuta akingoja uzimwe. Ndipo alipomtazama Yustina, akamwona amekunja uso na kidole kimoja amekitia sikioni.

"Yesu na Maria! Hilo dude linaunguruma hivyo kwa nini?"

Kasiani akasogea karibu. "Unasikia?"

"Nasikia? Mpaka meno yanauma!"

Hakuamini. Akatoka nje akamwita Asia wa duka la khanga, mwanamke asiyejua valvu wala gitaa. Asia alichungulia tu. "Kumbe ni wewe? Nilidhani wameleta mashine ya kusaga."

Kasiani akazima. Akasimama katikati ya kibanda akajisikiliza. Alisikia baiskeli ikipita. Alisikia mkasi wa Asia ukikata uzi wa mtumba wa khanga. Ndani ya kichwa chake hamkuwa na mlio wowote, wala mwembamba wala mnene. Furaha ilimpanda mpaka akacheka peke yake, na Yustina akamwangalia kwa wasiwasi. Halafu furaha ikaganda palepale ilipofika, kwa sababu ya swali lililoifuata: kama mvumo upo, wale wawili walikosaje kuusikia?

Akajipa jibu la kumtetea ndugu yake. Labda huu ni ugonjwa mpya. Labda ule wa zamani ulikuwa kwinini kweli, na huu umeingia juzi. Mtu anayempenda mtu hakosi labda.

Akaanza kazi jioni ileile. Kwanza alichomoa waya wa gitaa; mvumo ukabaki, basi si gitaa. Akapunguza sauti mpaka mwisho. Ukabaki, basi haupiti kwenye kitufe cha sauti, unaingia mbele zaidi. Akaihamisha kwenda kwa Asia, kwenye soketi nyingine. Ukabaki, basi umeme wa kibanda hauna hatia. Alhamisi asubuhi akazishughulikia valvu, ambazo zilifikika kwa nyuma bila kuvunja rangi. Alizigonga moja moja kwa penseli, hakuna iliyolia. Akazichomoa kuanzia ya kwanza, ile inayopokea gitaa, akifuata mkondo wa sauti mpaka zikabaki zile za mwisho zinazolisha spika, na kila alipochomoa moja akawasha na kusikiliza. Mvumo haukujali. Kufika saa tano alishajua. Ugonjwa uko kwenye umeme wa ndani, kwenye ile kapasita kubwa inayolainisha umeme kabla haujafika kwenye valvu. Ama imekufa, ama haina ethi. Masikio yake yalikuwa yamemwambia hivyo tangu sekunde ya kwanza, kama zamani, ila alikuwa amesahau kuyatii.

Kapasita ilikuwa chini ya mfuniko wenye rangi ya Jafari.

Alikaa na bisibisi mkononi mpaka adhana ya adhuhuri ikaisha. Hakuwahi kuvunja rangi ya mtu. Na huyu hakuwa mtu tu, alikuwa mwenzake wa likumbi. Akaiangalia ile rangi, na hapo ndipo alipoona kitu ambacho wakati ule wa udhaifu hakukiona. Skrubu za mfuniko zilikuwa sita, zote na matone yao. Pembeni kulikuwa na tundu dogo, na ndani ya tundu skrubu ya saba, haina rangi. Kichwa chake kiling'aa kwa kukwaruzwa mara nyingi. Kasiani aliitia bisibisi, akawasha amplifaya, akaikaza nusu mzunguko.

Mvumo ukakatika.

Akailegeza nusu mzunguko. Ukarudi.

"Samahani, Jafari," akasema kwa sauti, akavunja rangi.

Alizima, akachomoa plagi, akamwaga umeme uliobaki kwenye kapasita kwa waya, mkono mmoja mfukoni kama desturi ya mafundi wa valvu, maana umeme wa humo ukipita mkono huu kutokea ule unapitia moyoni. Kisha akaangalia. Waya wa ethi wa ile kapasita ulikuwa umekatwa kwenye lehemu yake ya kiwandani, umekatwa kwa koleo, safi. Ukaungwa waya mpya mpaka kwenye skrubu ya saba. Kati ya waya huo na bati kulikuwa na kipande cha duara cha filamu ya eksirei, kimekatwa kwa mkasi kwa uangalifu. Skrubu ikikazwa, kichwa chake kinaubana waya na umeme unashuka kwenye bati. Ikilegezwa, waya unalala juu ya filamu na ethi inapotea. Ilikuwa kazi nzuri. Lililomkata maini ni kiungo cha waya. Ulikuwa umezungushwa mara mbili kabla ya kutiwa lehemu, namna ambayo hakuna fundi mwingine mjini aliifanya, kwa kuwa wengine waliona ni kupoteza muda. Kasiani alimfundisha mtu mmoja tu kufanya vile.

Alilia. Mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, mchana, kibandani, analia juu ya kipande cha eksirei kisichozidi kifungo cha shati. Asia alimsikia, akamwacha.

Kisha akarudisha waya mahali pake, akalehemu, akawasha. Amplifaya ikawa kimya, na ndani ya kimya kile ukiwa na masikio unasikia mchuruziko mdogo wa valvu, kama mchanga unaomwagika polepole. Alikaa akiusikiliza kwa muda mrefu.

Ijumaa baada ya sala Jafari alitokea, suruali imeganda tope la Ruvuma, moja kwa moja kutoka stendi. Alishasikia kwa Mwanakombo kwamba amplifaya imechukuliwa. Kasiani alishusha pazia la kibanda, akamwekea kile kipande cha filamu mezani. Jafari alikitazama. Akaitazama amplifaya.

"Umevunja rangi yangu," akasema.

Kasiani karibu acheke. "Ndilo unaloliona? Rangi?"

"Kasiani..."

"Miaka minne, Jafari! Nimewaambia watu mimi kiziwi. Nimefukuza wateja nikawaleta kwako. Ulikuwa na njaa gani? Ungeniomba bendi ningekupa!"

Jafari akakaa kwenye kigoda, hakukaribishwa. "Mimi sikutaka bendi. Nenda kamuulize shemeji."

"Usimtaje mke wangu humu ndani."

"Nnakwambia kamuulize. Alikuja kwangu ukiwa umelazwa. Alilia mpaka Mwanakombo naye akalia. Akasema mume wangu akipona atapanda lori tena, na mimi sina nguvu ya kuzika ntoto mwingine peke yangu. Nitafutie njia aache. Nikasema labda nimharibie chombo. Akasema hapana, akiharibikiwa chombo atakitengeneza. Halafu tukakuona hospitali unalalamika masikio yanalia." Akakwangua tope kwenye suruali yake. "Ilikuwa iwe mwezi mmoja. Uzoee shamba, halafu nikaze skrubu, basi."

"Na baada ya mwezi?"

Jafari aliangalia mikono yake. "Wakawa wananiita mimi. Napitisha nkono chini ya kisanduku kabla ya kuwasha, chombo kinatulia tuli, watu wanashangaa, wanasema Jafari ana mkono; kikirudi kwangu nakilegeza tena, asikishike mwingine. Hakuna aliyewahi kusema hivyo juu yangu nikiwa na wewe pembeni. Nikanogewa, ndugu yangu. Huo ndio ukweli, nikanogewa."

Kasiani alinyanyua pazia. Jafari akatoka, na hakuna aliyemsindikiza.

Nyumbani Sabina alikuwa uani anamenya muhogo. Alimwona mumewe anaingia mapema, akaona uso wake, akaweka kisu chini.

"Jafari amerudi," akasema Kasiani.

"Nimesikia."

"Nawe hukosi kusikia, eh? Siku ile mlangoni, na ungo mkononi. Uliusikia mvumo?"

Sabina hakutafuta pa kujificha. "Niliusikia. Ulinipita mpaka mifupani. Nikasema sisikii."

"Kwa nini?"

"Ningekwambia uache bendi, ungeacha?" Sauti yake ilianza kupanda. "Nilikwambia mara ngapi? Ulirudi kutoka Nachingwea ukalia wiki tatu, honi ikapiga, ukavaa viatu. Mimi niko na maziwa kifuani hayana mnyonyaji! Hukugeuka hata kuniangalia. Ulipoambiwa masikio yamekufa, ulikaa nyumbani siku ileile."

Hilo lilikuwa kweli. Kasiani alisimama anautazama muhogo uliomenywa, mweupe ndani ya beseni.

"Ungenifukuza," akasema hatimaye. "Ungenitukana mbele ya watu wa kanisani. Ungelichoma moto lile dude chumbani nikaona moshi. Hayo ningeyaelewa, na ningejua nimestahili. Lakini wewe ulinilaza mapajani ukanitia mafuta kwenye masikio mazima, Jumapili kwa Jumapili, nami nakuombea dua."

"Kila nilipotia nilitaka kusema."

"Na hukusema."

"Sikusema," akaitikia Sabina, akachukua kisu chake, akaendelea kumenya huku machozi yanadondokea ndani ya beseni. Uongo ule aliutunga kwa kilio cha mwanawe, na Kasiani alijua. Kujua hakukumpunguzia kitu.

Jumamosi saa nne watu wa redio walifunga vinasa sauti vyao kwenye ukumbi wa zamani karibu na bandari. Yule aliyevaa spika za masikioni aliinua mkono akauliza kama amplifaya imewashwa kweli, maana haisikii hata ikipumua. Kasiani akamwambia aangalie valvu kwa nyuma, zinawaka. Nassoro akapiga na vidole vyake vinavyotetemeka, Yustina akaimba, na zikarekodiwa nyimbo sita, zote safi. Watu walikumbatiana. Jafari alikuwa amesimama mlangoni, hakuthubutu kuingia wala kuondoka, macho yake kwa Kasiani, anangoja kuaibishwa.

Kasiani hakumwaibisha. Walilala likumbi moja, na mambo ya likumbi hayasemwi ukumbini. Basi ikawa Yustina alipochukua kipaza sauti kutoa shukrani, alimtaja fundi Jafari Nampembe aliyeitunza amplifaya vizuri kwa miaka minne, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Kasiani alikuwa ameinama anakunja waya. Aliyahesabu makofi yale kama matusi, akaendelea kukunja.

Nyimbo zilipigwa redioni mwaka uleule. Kibandani redio zikarudi, na watu wakasema mafuta ya nazi yamefanya kazi, Sabina ana mkono wa dawa. Kasiani hakuwasahihisha. Alitunza amplifaya mpaka bendi ilipokufa yenyewe, mwaka 2004, baada ya maziko ya Nassoro. Hakupanda tena lori la msimu. Korosho aliokota na mkewe, bega kwa bega. Yeye na Jafari walikutana misibani wakapeana mkono, ncha za vidole tu. Majirani waliona mume na mke waliotulia, wanaokula sahani moja, wasiogombana. Na kweli hawakugombana. Ila Sabina akimwambia chai imepoa, Kasiani aligusa kwanza kikombe. Na akimwambia mvua inanyesha, alinyanyuka kitini akaenda mpaka mlangoni, akatoa mkono nje.